Kumpa Mhadhiri Maksi ni Kutoa Ushahidi



Kila muhula ukikaribia mwisho, fomu ya tathmini hutufikia. Zamani iligawiwa darasani kwenye karatasi. Sasa iko kwenye mfumo wa chuo, na kwetu hapa huwezi kuona matokeo yako kabla hujaijaza. Ndiyo maana wengi wetu tunaijaza kama mtu anayeruka mfereji, macho yote yako ng'ambo. Nne, nne, nne, nne, tuma. Swali langu ni dogo: je, kubonyeza kule kuna hesabu mbele ya Allah (Subhaanahu Wata'ala)?

Mimi naona kuna hesabu, kwa sababu huo ni ushahidi. Chuo hakikuulizi kama unapenda chai au kahawa. Kinakuuliza kama mtu fulani, mwenye jina na familia, ametimiza kazi aliyoajiriwa kuifanya. Jibu lako linaingia katika faili lake. Akiwa ni mhadhiri wa mkataba, siku ya kuuhuisha mkataba huo faili litafunguliwa. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye ofisi zake hapa Kampala, limeifanya sauti ya mwanafunzi kuwa sehemu ya uhakiki wa ubora, kwa hiyo fomu hii haitaondoka leo wala kesho. Na Suratun-Nisaa, aya ya 135, inatutaka tuwe waadilifu katika ushahidi hata pale unapotuumiza sisi wenyewe au jamaa zetu. Kutoandika jina lako kwenye fomu kunakuficha kwa mhadhiri tu.

Sasa tuje kwenye jambo lililotokea kwetu. Muhula uliopita mhadhiri mmoja aliweka jaribio Ijumaa saa saba mchana. Aliombwa alisogeze, akakataa. Wiki ya tathmini ilipofika, ujumbe ukazunguka kwenye kundi letu la WhatsApp: ndugu, mpeni moja kila mahali. Hasira ile naielewa. Hata mimi nilikuwa nayo. Lakini fomu ilikuwa na maswali mengi. Je, anafika kwa wakati? Anarudisha kazi zilizosahihishwa? Anafuata mpango wa kozi? Na mtu yule, tuseme kweli, hakukosa kipindi hata kimoja, na karatasi zetu zilirudi zikiwa na maelezo pembeni kwa wino mwekundu, ukurasa kwa ukurasa. Kumpa moja kwenye swali la kufika kwa wakati ni uongo, na uongo haugeuki kuwa kweli kwa kuwa umesemwa kwa ajili ya Swala. Suratul-Maidah, aya ya 8, imetukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki tuliyonayo juu ya watu. Mimi nilimpa tano kwenye wakati, tano kwenye usahihishaji, moja kwenye kusikiliza wanafunzi, na kwenye nafasi ya maoni nikaandika tarehe na saa ya jaribio lile.

Ndugu mmoja aliniambia maoni hayasomwi, kinachohesabiwa ni wastani, kwa hiyo nimemsaidia dhalimu. Hoja yake si nyepesi. Lakini ikiwa kadhi anasikiliza vibaya, hiyo haimpi shahidi ruhusa ya kusema asichokiona. Dawa yake ni kumwendea kadhi, na jumuiya yetu ina katibu na ina karatasi ya barua.

Upande wa pili wa jambo hili hatuuzungumzii, kwa sababu unatufurahisha. Nao ni mhadhiri mchangamfu, mwingi wa hadithi, anayetuachia mapema na kudokeza maswali ya mtihani. Huyo hupata tano mfululizo, na hakuna anayemwita shahidi wake mwongo.

Mwaka 1970 huko California watafiti walimchukua mwigizaji, Michael Fox, wakampa jina la Dokta Myron Fox na kumtambulisha kama bingwa wa kutumia hisabati katika kuelezea tabia za binadamu. Alizungumza mbele ya wataalamu kwa ucheshi na kujiamini, lakini maneno yake yalikuwa yanapingana na hayana maana. Walipopewa fomu, walimsifu. Hao walikuwa watu wazima wenye shahada zao. Sisi wa mwaka wa kwanza tutasemaje?

Uchunguzi mwingine unanigusa zaidi. Katika chuo cha Jeshi la Anga la Marekani, kilichoko Colorado, wanafunzi hupangiwa wahadhiri bila kuchagua, na wote hufanya mtihani mmoja. Scott Carrell na James West walifuatilia wanafunzi zaidi ya 10,000 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2010. Waliona kuwa wahadhiri waliowapandishia wanafunzi maksi za kozi ya mwanzo ndio waliopata tathmini nzuri, lakini wanafunzi wao walifanya vibaya zaidi katika kozi za juu zilizofuata. Kwa hiyo siku ya kujaza fomu mwanafunzi alikuwa bado hajajua alichofundishwa. Alijua tu kama alikuwa amestarehe.

Basi tushuhudie nini? Maimamu wa hadithi walilifikiria jambo la kuwapima watu kabla ya vyuo hivi kuwepo. Katika elimu ya Jarh na Taadil hawakumpa mpokezi alama moja ya jumla. Walitazama uadilifu wake peke yake, na usahihi wa hifadhi yake peke yake. Mcha Mungu aliyekuwa akisahau aliachwa, na hakuna aliyemwita mwongo. Wengi wao hawakukubali mtu atiwe dosari bila sababu kuelezwa. Na Imam Nawawi, katika Riyadhus-Swalihin, amelihesabu jambo hili miongoni mwa yale ambayo kumtaja mtu kwa aibu yake si usengenyaji uliokatazwa, kwa kuwa lina maslahi ya dini ndani yake. Kwa mizani hiyo, "moja" bila neno lolote kwenye nafasi ya maoni ni dosari isiyo na maelezo. Na lile swali la mwisho, "kwa ujumla umeridhika kiasi gani?", kwangu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linachanganya walivyovitenganisha.

Niliyoyaona kwa macho nitayajibu: alikuja au hakuja, alisahihisha au hakusahihisha, alimdhihaki aliyeuliza swali au alimvumilia. Swali la kwamba ana ujuzi wa kutosha wa somo lake naliacha wazi mfumo ukiniruhusu. Nisiyejua somo nitampimaje anayelijua? Mwaka 2018, katika mgogoro kati ya chuo kikuu cha Ryerson, Toronto, na wahadhiri wake, msuluhishi alifikia jambo la karibu na hili: fomu za wanafunzi zinafaa kueleza walivyoipitia kozi, lakini wastani wake usitumiwe kupima ubora wa ufundishaji katika kupandisha watu vyeo.

Ushahidi una pande mbili, na wanaouomba nao wana deni. Kila muhula tunaitwa kushuhudia, na sijawahi kuona ubao wa idara ukitangaza kuwa wanafunzi walisema hivi na sisi tumefanya hivi. Haishangazi kwamba watu wanabonyeza nne, nne, nne. Fomu yenyewe ina maswali kuhusu projekta na viti, lakini haina hata moja kuhusu ratiba ya Ijumaa, wala maji ya kutawadhia, wala dada anayefungua swaumu ndani ya kipindi cha jioni kwa tende moja aliyoificha mfukoni. Ukipima maisha ya mwanafunzi ukayaacha hayo, hujapima maisha yetu. Maswali ya fomu hupangwa na watu, na watu hao wana ofisi. Napendekeza jumuiya, kupitia serikali ya wanafunzi, iombe mambo mawili kabla fomu ya muhula ujao haijafunguliwa: swali moja kuhusu nyakati za ibada, na muhtasari wa majibu ubandikwe mahali ambapo kila mtu atauona, mhadhiri na mwanafunzi.