Kukabidhi na Kunyang'anya: Maadili ya Urithi wa Mamlaka katika Kifo Kisimani

Genge halina utaratibu wa kustaafu. Katika City of Bohane (2011), riwaya ya Kevin Barry inayosawiri mji wa Ireland uliochakaa ifikapo mwaka 2053, kiongozi anayezeeka haondoki ila kwa kushindwa, na kila kijana mwenye kipawa ni tishio kwake. Suala la kimaadili linalozuka hapo si nani atashinda, bali nani alaumiwe urithi wa mamlaka unapogeuka umwagaji damu: mzee asiyetoka, au kijana anayeshika kisu?

Suala hilo limo pia katika Kifo Kisimani (2001), tamthilia ya Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, baina ya Meru na Embu. Mtemi Bokono anaitawala Butangi kwa kudhibiti visima, kama magenge yanavyodhibiti vituo vya matatu. Mwelusi anapoupinga utawala huo, kazi ya kumwua anapewa Gege, nduguye wa damu, kwa ahadi ya kuozwa Alida, binti wa mtemi. Gege anamwua nduguye kisimani.

Jamii za eneo hilo zilikuwa na jibu lao. Katika ntuiko ya Wameru na nduiko ya Waembu, kizazi kilichotawala kilikabidhi madaraka hadharani, kwa sherehe. Kijana aliyalipia mamlaka kwa kungoja. Gege anayalipia kwa damu ya nduguye. Hata hivyo, sherehe peke yake haitakasi. Makabidhiano hayo yalikuwa ya wanaume; aidha Mungiki, kundi lililopigwa marufuku mwaka 2002, nalo lilitumia viapo na lugha ya mila. Kiini cha ntuiko, basi, si tambiko bali ni kukiri kwamba mamlaka ni amana yenye kikomo.

Kwa mantiki hiyo, hatia ya kwanza ni ya Bokono, aliyeziba kila njia ya kupokezana isipokuwa usaliti. Lakini hatia yake haiifuti ya Gege. Mwelusi alizaliwa katika nyumba ile ile, akaishi chini ya mtemi yule yule, akakataa. Kuwepo kwake ndiko kunakomnyima Gege udhuru.