Kiumbe Asiyeonekana Ana Haki Gani?

Ndugu msomaji, ukiulizwa ni nani unaoogopa kuwadhulumu, utamtaja jirani, mtumishi, na pengine punda wa mzigo. Aliye chini ya majani makavu hutamkumbuka. Basi tujiulize: kiumbe ambaye hatumwoni, wala yeye hatujui, ana haki yoyote kwetu?

Tuchukue mfano mmoja. Utitiri tunaowajua sana ni wale wa banda la kuku, wanaonyonya damu. Lakini wako wengi wa udongoni wasiomnyonya mtu wala mnyama. Jamaa moja yao wataalamu huiita Phthiracaridae. Sisi tuwaite utitiri wa kasha. Wengi wao hawafiki milimita moja. Akitishwa, mmoja wao huikunja miguu yake minane ndani ya gamba, akakishusha kichwa juu yake mfano wa kifuniko cha kasha.

Chakula chake ni majani yaozayo na vijiti vilivyokufa. Mtoto wake huzaliwa na miguu sita, na huishi ndani ya kijiti kilichoanguka, akikitoboa na kukila polepole. Kinachotoka tumboni mwao ni chembe ndogo mno, ambazo ukungu na bakteria huzimaliza kwa urahisi, hata jani likarudi kuwa rutuba. Mmoja peke yake hafanyi makubwa. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Katika mita moja ya mraba ya udongo wa msituni, utitiri wa kila namna huweza kufika makumi ya maelfu.

Huenda ukasema: "Ikiwa ni wengi hivyo, wakifa elfu moja kuna hasara gani?" Hasara ipo, kwani wingi si wepesi wa kuzaa. Utitiri hawa hutaga mayai machache, na katika nchi za baridi yai huweza kuchukua mwaka au zaidi mpaka kuwa mkubwa. Tena hawana mbawa za kuwarudisha upesi mahali walipoangamizwa. Tunapoyatia moto majani ili kiwanja king'are, tunaunguza wazazi na watoto ndani ya vijiti vyao, na udongo hungoja siku nyingi.

Hatusemi kwamba kulima ni kosa. Mkulima hana budi kulima. Lakini haja ina hukumu yake, na uvivu una hukumu yake. Achomaye kwa kuwa hana njia nyingine si sawa na achomaye kwa kuwa ameona taabu kuyarundika majani chini ya mwembe.

Wako watakaosema: tumhifadhi kwa sababu anatufaa. Ni kweli, walakini haitoshi. Ikiwa haki ya kiumbe ni faida yake kwetu tu, tutamwambia nini mzee asiyejiweza, au mgonjwa aliyelala kitandani miaka? Aanzaye kupima viumbe kwa faida huishia kuwapima watu.

Mwenye nguvu tunamwogopa, na mwenye ulimi atatushitaki. Kuwatendea haki hao huenda kukawa ni hofu tu. Asiyeweza kulalamika ndiye anayeudhihirisha uadilifu wetu. Kwa hiyo, msomaji, kesho utakapofagia uwanja, yaweke majani kando, uyaache yaoze. Ni jambo dogo, na hakuna atakayekushukuru. Lakini utakuwa umemwachia kiumbe wa Mungu makao yake, na wanao umewaachia udongo ulio hai.