Wahesabu Kabla Hujaondoka

Nawaandikia ninyi mnaoanza kukabidhiwa watu: wewe uliyepata leseni ya kuongoza wageni Mlima Kilimanjaro, wewe uliyepewa usukani wa kosta ya Moshi na Rombo, na ninyi wawili wa hapa Marangu mnaoshuka Dar es Salaam kusomea unahodha Chuo cha Bahari. Mtasema mzee wa migombani anajua nini habari za meli. Kuogelea sijui, hilo halina ubishi. Lakini ujana wangu wote niliumaliza nikitembea mbele ya roho za watu kati ya kambi ya Mandara na kilele cha Uhuru, na ninayotaka kusema hayachagui maji wala mawe. Tena Mchagga hana bandari asiyofika. Chombo kikizama popote nchini, huku juu simu zinaanza kupigwa.

Ukitaja nahodha mbaya, vijana wenye simu za kisasa mnamkimbilia yule Mwitaliano, Francesco Schettino. Januari 13, 2012 aliipeleka Costa Concordia karibu mno na kisiwa cha Giglio ili kuwasalimu watu wa pwani, ikapasuka kwenye mwamba ikiwa na watu zaidi ya 4,000. Wakafa 32. Yeye akaonekana ndani ya boti ya kuokolea abiria wangali melini, na baadaye akajitetea kuwa aliteleza akaangukia humo. Mahakama ikampa miaka 16. Wapo pia wanaoijua Oceanos, meli ya anasa iliyozama pwani ya Afrika Kusini Agosti 1991. Nahodha wake aliondoka, wakabaki wapiga muziki kuita msaada kwa redio na kuwapakia abiria kwenye helikopta. Abiria wote na mabaharia, 571, walipona. Mpiga gita alifanya kazi ya mwenye mshahara!

Visa hivi ni vitamu kusimulia, nami navipenda. Ila vinawapoteza. Vinawafanya mdhani kwamba nahodha hupimwa saa maji yanapoingia, kama atabaki au atakimbia. Vyombo vyetu havikutoa nafasi hiyo. Vilipinduka wengi hawajavaa hata boya. Ukitaka kumpima nahodha wa kwetu, rudi nyuma saa kadhaa, nenda gatini, mtazame akiangalia watu wanavyopanda.

Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipinduka Ziwa Victoria ikikaribia kufika Mwanza. Ilitoka Bukoba, ikapita Kemondo ikaongeza watu na mizigo. Ilipaswa kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu, la nauli nafuu, lilijaa watu lakini halikuwa na orodha kabisa. Ndiyo maana mpaka leo ukiuliza waliokufa ni wangapi, huyu atakwambia mia nane na zaidi, yule atakwambia elfu moja. Mama aliyempandisha mwanawe daraja la tatu hakuwa hata na karatasi ya kuonyesha kwamba mwanawe alisafiri. Waliopatikana walizikwa Igoma. Mkifika Mwanza nendeni mkasimame pale kabla hamjashika usukani wa chochote.

Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 ikawa zamu ya Spice Islander, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Iliruhusiwa watu 645. Miili iliyopatikana ilikuwa 203, na kwa siku nyingi hiyo ndiyo ikawa hesabu ya msiba. Tume ilipokuja kutoa ripoti, wasiopatikana walikuwa zaidi ya elfu moja. Fikirini serikali nzima, na jeshi lake, na karani wake, inahesabu watu kwa kusubiri ndugu waje kulalamika. Kazi hiyo ilikuwa ya mtu mmoja mwenye kalamu pale bandari ya Malindi, Unguja, kabla ya kamba kufunguliwa.

Na MV Nyerere mnaikumbuka wenyewe, mlikuwa watoto wa shule. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio la Bugorora, Septemba 20, 2018. Kivuko cha watu 101. Kikapinduka hatua chache kabla ya gati la kisiwa cha Ukara. Waliokufa ni 228, waliookolewa 41. Jumlisheni wenyewe. Rais Magufuli alilitangazia taifa kwamba nahodha hakuwemo na kwamba usukani alimwachia mtu asiye na mafunzo, akaamuru wahusika wakamatwe, na bodi za Temesa na Sumatra, wasimamizi wa vivuko na usafiri, zikavunjwa. Nilikubali. Lakini nilijiuliza: huyo nahodha alikuwa anajifunza kuacha usukani siku ile? Mambo ya namna hii huzoeleka. Mara ya kwanza mtu anaona aibu, mara ya kumi anaona ndivyo kazi ilivyo, na wakubwa wake wanapita wanamsalimia.

Sasa njooni huku kwetu niwaonyeshe kitu mnachokidharau. Kwenye geti la Marangu kuna kitabu. Mgeni anaandika jina, anaandika tena Mandara, tena Horombo, tena Kibo. Wagumu, yaani wapagazi, nao mizigo yao inapimwa kwa mizani. Vijana mnaona ni usumbufu, nimewasikia mkinong'ona kwamba mgeni amechoka, aandikiwe tu. Msimwandikie. Kitabu kile ndicho kinachofanya, ukungu ukishuka, mtu wa hifadhi aweze kusema waliopanda ni kumi na wanne na walioshuka ni kumi na watatu, twendeni. Daraja la tatu la MV Bukoba halikuwa na kitabu.

Kisha kuna neno hapana, ambalo ni gumu kuliko kitabu. Mgeni amelipa mamilioni, amewaaga ndugu zake Ulaya kwamba anakwenda Uhuru. Saa nane za usiku, juu ya Kibo, anayumba kama mlevi, anajibu maswali vibaya, anakohoa povu. Mnajua maana yake: mapafu au ubongo vinajaa maji, dawa ya kweli ni kushuka, tena sasa hivi. Yeye anasema anaweza. Kampuni inataka picha ya bango la kileleni. Tipu yako inategemea bango hilo. Hapo ndipo unahodha wako ulipo, mwanangu, si kwenye beji. Mshushe. Akikutukana, atukane akiwa anashuka. Nimeshusha wengi, wengine walininunia mpaka getini, na bakshishi ikawa nyembamba. Mama yenu mkubwa, mke wangu, alinung'unika mezani, lakini hakuna mzazi wa mtu aliyepanda ndege kuja kuniuliza mwanawe nilimwacha wapi.

Utasema tajiri atakufukuza. Atakufukuza, ndiyo. Siwadanganyi. Mwenye basi anayehesabu safari na mwenye meli anayehesabu tiketi hawapandi kizimbani kwa wepesi kama wewe. Wewe ndiye uliyekuwa umeshika usukani, na jina lako ndilo polisi wanalo. Kwa hiyo kabla ya kufanya jambo la kumpendeza tajiri, mwombe alitamke mbele ya mtu wa tatu, au aliandike kwenye simu. Mara nyingi atanyamaza. Akiandika, tunza ujumbe huo.

Na ajali ikitokea juu ya tahadhari zote? Hutokea. Juni 28, 2025, pale Sabasaba wilayani Same, basi na gari dogo la abiria yaligongana na kuwaka moto, wakafa watu zaidi ya thelathini, wengi wakiungua hata wasitambulike. Mkoa wetu ulilia. Siku kama hiyo ndugu wa abiria wanataka kusikia vitu vichache: nani alikuwemo, yuko wapi, nini kilitokea. Madereva wetu wengi hutoroka, na polisi hutangaza hivyo kila mara. Naelewa kuogopa mawe ya wananchi. Basi kimbilia kituoni, usikimbilie Tunduma mpakani. Usizime simu. Na msije mkasimama mbele ya wafiwa mkasema ni mapenzi ya Mungu. Hilo ni la padri, la mchungaji na la shehe, na hata wao hulisema baada ya kunyamaza kidogo. Wewe uliyekuwa na usukani sema mlikuwa wangapi, mwendo ulikuwa gani, breki ulizikagua lini. Abiria husamehe makosa kuliko mnavyodhani. Wasichosamehe ni kudanganywa kaburi likiwa bichi. Ninajua kampuni ya magari iliyorudi barabarani mwezi huohuo baada ya msiba, imebadili rangi na jina tu. Watu wa vijiji vyetu waliitambua kwa sauti ya honi, wakawa wanaipungia ipite.

Abiria nao nisiwaache, maana ni ninyi pia. Mwaka 2011 wapo watu walioitazama Spice Islander ilivyojaa wakakataa kupanda. Sisi Desemba, tukitoka Dar es Salaam kuja Krismasi, tunafanya kinyume. Tunagombania viti vya plastiki kwenye korido ya basi, halafu karibu na Korogwe tunampigia dereva kelele akanyage mafuta, ili tuwahi pombe yetu ya mbege. Mwaka huu ukimsikia jirani yako akisema kanyaga, mshike bega umwambie anyamaze. Akiuliza wewe ni nani, mwambie umetumwa na meku, mzee mmoja wa Marangu, na kwamba mbege tumeifunika, haiendi popote.