Tafakuri ya Ramadhani 24: Nani Atakuulizia Usipokuwepo?



Ndugu zangu wa jamaa, kaka na dada, tumebakiwa na siku za kuhesabu kwa vidole. Jana baada ya Taraweh, wakati tunatafuta viatu pale mlangoni, nimesikia watu wawili wakiambiana, "Jamani, mwezi umekimbia huu!" Kweli umekimbia.

Najua mwaka wetu wa Kiislamu unafungwa na Mfunguo Tatu, na wa ofisini unafungwa Desemba. Lakini kwa wengi wetu hapa mjini, mwaka hasa unaisha sasa hivi. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyezoea kutoa zaka Ramadhani, wiki hii anahesabu mzigo, anahesabu fedha, anaangalia nani anamdai na yeye anamdai nani, kisha anatoa mbili na nusu katika kila mia. Hakuna anayemwambia kakisia tu. Zaka haikisiwi.

Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akiwahimiza watu wajifanyie hesabu wenyewe kabla haijafika siku ya kuhesabiwa. Basi leo tufunge daftari moja ambalo halimo kwenye zaka: daftari la nia.

Mimi ninalo, na ni daftari la kweli, la kurasa mia. Kila Ramadhani naandika nitakayoyafanya mpaka Ramadhani ijayo. Juzi nimelifungua. Mstari wa kwanza mwaka jana: kuhitimu Qur'ani mara mbili. Mstari wa pili: kumaliza deni la kiwanja. Mstari wa tatu: "Kusaidia vijana wa msikiti." Nikarudi nyuma kurasa kadhaa. Mstari wa tatu ni uleule miaka minne mfululizo, maneno yaleyale, hata mwandiko haujabadilika.

Sasa nikuambie kilichonikuta, maana ndicho kilichonifanya niandike haya.

Wengine mnajua kwamba naishi Kigamboni na kibarua changu kiko Kariakoo, kwa hiyo Feri napita kila siku ya Mungu. Ramadhani iliyopita, mwezi mzima, kuliani kwangu kwenye safu alikuwa anasimama kijana mmoja anayepara samaki pale sokoni. Anaoga, anavaa kanzu safi, lakini magamba yana tabia ya kubaki kwenye kucha. Kila siku alikuwa ananiwekea nafasi. Nikichelewa pantoni, nakuta kasogea kidogo, kaacha upenyo wa mtu mmoja.

Usiku mmoja wa kumi la mwisho akanishika mkono nje. Akasema, "Mzee, naomba unisaidie kitu." Hakuwa na kitambulisho cha Taifa. Kwa kuwa hana kitambulisho, laini yake ya simu imesajiliwa kwa jina la rafiki yake, na akiba yake yote ya kupara samaki iko kwenye laini hiyo. Alitaka mtu mzima wa kwenda naye kwa mjumbe na serikali ya mtaa, akaanze na barua. Akaniambia, "Hapa mjini mimi nani ananijua?"

Nikamwambia, "Hilo dogo, mwanangu. Tukimaliza Idd tu, inshaAllah."

Nilisema kwa moyo mweupe, wallahi. Idd ikapita. Mfunguo Mosi mizigo ikaingia dukani. Mfunguo Pili nikaumwa kidogo. Nikawa nampita pale sokoni mbiombio, namwonyesha mkono, naye ananionyesha mkono. Halafu nikawa simwoni. Mwezi wa Rajab ndipo nikaenda kuulizia kwa wenzake. Wakaniuliza, "Unamtafuta nani?" Nikafungua mdomo, nikakosa la kusema. Mwezi mzima bega kwa bega, na jina lake sikuwa nalijua.

Nikaeleza sura yake mpaka mmoja akamtambua kwa jina la utani. Akasema yule mwenye laini aliondoka na laini yake na kilichomo, na kijana naye akarudi kwao kusini. Kusini wapi? Hawajui. Namba yake? Ndiyo ileile iliyoondoka.

*Sasa swali la leo.* Ile nia yangu ilikuwa na thamani gani?

Utaniambia, na wewe umesoma: Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayeazimia jambo jema kisha asilifanye, huandikiwa jema moja kamili. Ni kweli, na ni rehema kubwa. Lakini je, mimi niliazimia? Au nilitamani tu nionekane, hata mbele ya nafsi yangu, kuwa mtu anayesaidia vijana?

Tukitazama safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, tutaona jambo la ajabu. Jua kali, safari ndefu, na matunda ya Madina yameiva. Kuna watu hawakwenda, na kutokwenda kwao hakukufanana.

Wa kwanza ni wale mafakiri waliomwendea Mtume (s.a.w.) kuomba vipando, wakaambiwa havipo. Wakarudi macho yanachuruzika machozi. Surat at-Tawba inawataja. Na Mtume (s.a.w.) aliporejea aliwaeleza masahaba kwamba kuna watu wamebaki Madina, lakini katika kila bonde mlilolivuka walikuwa pamoja nanyi, kwa sababu udhuru ndio uliowazuia.

Wa pili ni Kaab bin Malik (r.a.). Huyu hakuwa fakiri. Mwenyewe anasimulia kwamba hakuwahi kuwa na nafasi kama wakati ule, alikuwa na ngamia wawili. Na hakuwa mnafiki. Kila asubuhi alitoka akajitayarishe, akarudi hajafanya kitu, akijiambia uwezo ninao, nitafanya. Kesho hivyo hivyo. Jeshi likaondoka. Akasema nitawafuata, nitawadiriki. Hakuwadiriki.

Umeona? Wote wawili hawakuwepo Tabuk. Ukitazama kwa macho, matokeo ni mamoja. Lakini mmoja amehesabiwa amekwenda, na mwingine amekuja kuulizwa. Tofauti yao haikuwa kwenye hisia, maana naamini Kaab naye alipenda kwenda. Tofauti ni kwamba wale mafakiri waligonga mlango ukawa umefungwa. Kaab mlango ulikuwa wazi na hakuugusa.

Basi mizani ninayoiona mimi ni hii: *nia ni ile iliyopiga hatua mpaka ikazuiwa. Ile isiyopiga hata hatua moja, na hakuna aliyeizuia, ni matamanio.* Nenda mnadani pale Feri alfajiri, boti zimeingia. Watu wamejazana kuzunguka fungu la samaki, wote wanalitamani. Dalali hamwuzii anayetamani. Anamwuzia aliyetaja bei. Na aliyetaja bei akashindwa kwa kuwa mfuko haukutosha, huyo angalau tunajua alikuja kununua.

Mimi kwa kijana yule sikutaja bei. Sikumwuliza jina. Sikusema, "Jumanne, saa nne, tukutane mlango wa msikiti." Nilisema "tukimaliza Idd", nikaweka na inshaAllah juu yake. Na hapa tuonyane kwa upole: Qur'ani katika Surat al-Kahf imetufundisha tusiseme tutafanya jambo kesho bila kuliegemeza kwenye matakwa ya Allah. Lile ni neno la mtu aliyekwisha kuamua, anakiri kwamba nguvu si zake. Sisi tumeligeuza kuwa njia ya heshima ya kukataa. Mtu akiambiwa inshaAllah hapa mjini, anajua hapo hakuna kitu. Tumelikosea adabu neno tukufu.

Katika kisa cha Kaab kuna jambo la pili, na ndilo lililonigusa zaidi. Jeshi lile lilikuwa na watu wengi mno, hakuna daftari lililowaandika. Kaab mwenyewe anasema mtu angeweza kujificha asijulikane. Lakini walipofika Tabuk, Mtume (s.a.w.) aliuliza habari zake kwa jina. *Kaab amefanya nini?*

Katika maelfu yale, mtu mmoja hayupo, na anaulizwa.

Sasa njoo kwetu. Kila siku maelfu ya watu wanavuka pantoni, wanashuka mwendokasi Kivukoni, wanapita. Safu zetu Ramadhani zinafika barabarani. Lakini usipokuja kesho, nani atasema, "Fulani leo yuko wapi?" Na yule aliye kushotoni kwako, asipokuja, wewe utauliza? Au utasogea tu kujaza upenyo?

Najua kuna atakayesema Waswahili tunajuana mno, kwani umbea wa nini tena. Ndugu yangu, tunajuana kwa nani kaolewa na nani kafilisika. Kuchunguza mtu ni jambo moja, kumwulizia ni jingine. Anayekuchunguza anataka habari zako, anayekuulizia anakutaka wewe.

Wala sisemi watu wa mji huu hawana moyo. Mnakumbuka Novemba 2024, jengo lilipoanguka Kariakoo. Watu zaidi ya ishirini walipoteza maisha, Allah awarehemu. Asubuhi ile ile, kabla mitambo haijafika, wachuuzi, wabeba mizigo na wapita njia walikuwa wanaondoa kifusi kwa mikono. Hakuna aliyeuliza aliye chini ni nani. Siku ya msiba sisi ni wazuri sana. Kazi iko kwenye Jumanne ya kawaida, ambapo hakuna kifusi, kuna kijana tu anayehitaji mtu wa kwenda naye serikali ya mtaa. Yule naye alikuwa chini ya kitu. Hakikuonekana tu.

Mwingine atasema, "Mimi nina watoto, nina kodi ya fremu, nafika nyumbani saa nne usiku, hiyo jamii nitaihudumia saa ngapi?" Ni haki kabisa. Ndiyo maana sikuambii uandike mambo kumi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba amali anayoipenda zaidi Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Malengo yetu mengi yanakufa kwa sababu ni makubwa na hayana mwenyewe. "Kusaidia vijana" haina uso. Haiji kukudai. Lakini ukimwambia mtu mwenye jina kwamba Jumamosi saa saba utakuwa naye, usipokwenda kuna mtu atakusubiri juani. Hilo linasukuma kuliko daftari zuri.

Na ukiogopa riyaa, usitangaze. Mwambie yule mmoja tu. Siri ya sadaka haivunjwi na anayeipokea kuijua.

Basi kwa siku hizi zilizobaki, ninajiusia mwenyewe kwanza, kisha nyinyi:

*Moja.* Leo Isha, uliza majina mawili: la kulia na la kushoto. Dada zangu, na upande wenu vilevile.

*Mbili.* Katika malengo yako ya mwaka, futa kila lisilo na mtu wala siku. Baki na moja. Liandikie jina na tarehe, na tarehe hiyo iwe kabla ya Idd, hata kama ni hatua ya kwanza tu.

*Tatu.* Kama kuna uliyemwambia "inshaAllah" ukamwacha, mtafute wiki hii. Usimpelekee sababu. Kaab alipoitwa kujieleza, wengine walishatoa nyudhuru zao za uongo zikapokelewa, na siri zao zikaachiwa Allah. Yeye alisema kweli: sikuwa na udhuru. Ikamgharimu siku hamsini za kususwa, anapita sokoni hakuna anayemsemesha. Lakini toba yake iliposhuka, watu walimkimbilia kumpongeza, na alipoingia msikitini Talha (r.a.) aliinuka mbio kumlaki. Ukweli ulimtoa kwenye jamaa kwa muda, na ukweli huohuo ndio uliomrudisha.

Mimi wa kwangu sijampata. Nimewaachia wale wenzake namba yangu, na nimewaomba akitokea mtu wa kwenda kusini aulizie. Wakati nasubiri, kuna kijana mwingine pale pale sokoni, jina lake ninalijua sasa, na keshokutwa saa nne asubuhi tuna safari ya kwa mjumbe. Mstari wa tatu wa daftari nimeukata. Nimeandika jina lake.

Usiku wa leo ni wa 25, katika zile witiri tunazozitafuta. Tukiinua mikono tumwombe Allah atusamehe ahadi tulizozipamba kwa jina Lake kisha tukazisahau. Atupe nia zenye miguu. Amhifadhi kila aliyesimama bega kwa bega nasi na hatukumjua, popote alipo, ampe badala ya kilichompotea. Na siku tutakayokosekana kwenye safu, atujaalie tuwe tumeacha mtu wa kuuliza. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Saumu maqbul, na tukutane Isha, inshaAllah. Ile ya kweli.