Siku ya Tatu, Mangweni

Nimepeleka watu Cape Town mara kumi na moja bila kutoka Adams. Nimewapokea uwanja wa ndege, nikawapandisha Table Mountain kwa gari la nyaya, nikawashusha Bo-Kaap wapige picha mbele ya nyumba za rangi, na siku ya tatu nikawapeleka Stellenbosch, mwendo wa kilomita hamsini hivi, waonje mvinyo. Nimewaambia wapande mlima mapema kabla upepo haujaamka. Nimewaambia wabebe sweta. Mimi mwenyewe, kwa barabara ya kusini, mwisho wangu ni Namanga.

Hiyo ndiyo kazi. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokataa kupatikana, na tangu hapo naandikia makampuni ya utalii ya ng'ambo ratiba za likizo. Jina langu halitokei popote. Pesa zinaingia kwa simu, nalipa kodi ya keja, nanunua bando, nakula Toi. Tuko wengi. Ukipanda matatu ya Ngong Road jioni, huyo aliyeinamia simu kando yako huenda ndiye anayemwambia mtu wa Toronto mkahawa gani ni mzuri Lisbon.

Kwa muda mrefu sikuona kosa lolote. Habari ninazoandika ni za kweli, nazikagua. Kama Stellenbosch ilianzishwa 1679, naandika 1679. Kama mvinyo wa kwanza wa Rasi ulikamuliwa Februari 1659, naandika hivyo hivyo. Na kama nikitafuta wakili, ninaye Immanuel Kant. Huyu bwana aliishi Königsberg, mji ambao leo ni Kaliningrad ya Urusi, na maisha yake yote hakuwahi kutoka Prussia Mashariki. Bado alifundisha jiografia ya dunia chuoni kwa miaka kama arobaini. Inasimuliwa kwamba siku moja alieleza daraja la Westminster la London kwa undani kiasi kwamba Mwingereza mmoja akamuuliza aliishi huko miaka mingapi. Tena ni yule yule aliyeandika mwaka 1797 kwamba kusema uongo ni kosa hata kama unamdanganya muuaji anayemtafuta rafiki yako. Basi kueleza mji ambao hujauona si uongo. Ungekuwa uongo, Kant angejua.

Shida ni kwamba katika masomo hayo hayo ya jiografia alieleza pia Waafrika, ambao hakuwaona kwao, na aliyoyasema sitayarudia hapa. Hakuyatunga. Alikuwa ameyasoma mahali, na aliyeandika pale alipoyasoma huenda naye alikuwa ameyasoma mahali.

Mara moja tu kabla ya haya ninayotaka kusimulia niliwahi kuguswa. Nikichimba habari za Stellenbosch nilikutana na neno «dop». Kwa vizazi vingi wafanyakazi wa mashamba ya mizabibu walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, kikombe baada ya kikombe kutwa nzima, na majeraha yake kwenye familia za huko hayajapona hadi leo. Kuna watoto waliozaliwa wakiwa tayari wamedhuriwa na pombe tumboni. Niliweka sentensi mbili kwenye ratiba. Mteja akazikata. «Watu wako likizo,» akaniandikia. Sikubishana. Mimi pia nilikuwa nimeyasoma tu, ningesimama juu ya nini?

Halafu likaja agizo la Mombasa. Siku nne, «mji wa pwani na nchi ya mvinyo iliyo karibu». Ilionekana wazi kuwa mtu alichukua agizo la Cape Town akabadilisha jina la mji. Nilicheka peke yangu pale kwenye kibanda cha chai, halafu nikaacha kucheka, maana Mombasa inayo nchi yake ya mvinyo. Ukitoka mjini kwa barabara ya Nairobi, ukapita Miritini, ukafika Mazeras ukakata kulia kwenda Rabai na Kaloleni, unaingia kwenye minazi, na minazi hiyo inagemwa.

Siku mbili za kwanza zilijiandika zenyewe. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593. Mji wa Kale. Feri ya Likoni, pwani ya Diani. Siku ya tatu ikagoma. Mtandaoni habari za mnazi zilikuwa za aina mbili: misako, na watalii waliopiga picha wakiwa wameshika kibuyu. Nikafanya kitu ambacho kiuchumi ni ujinga mtupu: nikakata tiketi ya treni ya 1,500, nusu ya malipo ya ratiba nzima, nikaenda kuangalia.

Treni inakushusha Miritini, nje ya mji, kwa hiyo nilifika nchi ya mvinyo bila kuiona bahari. Rabai nilisimama kwenye makumbusho ya Krapf, mmisionari aliyeanzisha kituo hapo pamoja na mwenzake Rebmann mwaka 1846. Nusu saa, picha nne, hakuna utata. Kaloleni kijana wa boda akanipeleka kwa mzee mmoja anayemfahamu.

Mzee alikuwa juu. Nikamwamkia nikiwa chini, «Shikamoo mzee,» kwa sauti ya mtu aliyejifunza shikamoo kitabuni, maana Nairobi hatuamkiani hivyo. «Marahaba,» ikashuka kutoka kwenye makuti. Shina la mnazi lilikuwa limechongwa vidato vya kukanyagia. Sisi wa shule neno kidato tunalijua la kwanza hadi la nne. Yeye, wa miaka sitini na kitu, alikuwa amevimaliza vyote na kotama kiunoni.

Alipanda hivyo asubuhi na jioni, kila siku. Ua changa la mnazi linafungwa, linakatwa ncha, na utomvu unadondoka kwenye chombo. Usipokwenda kulikata tena, kipande chembamba kama ukucha, linakauka. Na mnazi unaogemwa hauzai, kwa sababu lile ua ndilo lingekuwa nazi. Kila mti ni uamuzi kati ya shilingi za leo na nazi za mwakani. Tembo lenyewe asubuhi ni tamu, jioni lina nguvu, baada ya siku moja au mbili ni siki. Hakuna ghala la chini ya ardhi, hakuna chupa ya mwaka fulani ya kujivunia. Mvinyo wa Stellenbosch utaupata hata kwenye duka la Ngong Road. Huu lazima uufuate.

Nikamweleza: wageni, siku ya tatu, kuonja.

«Wangapi?»

Pengine sita kwa wiki, nikasema.

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Nilidhani anahesabu wageni, kumbe anahesabu minazi. «Hili lina wenyewe, mwanangu,» akasema. Kuna majirani wanaokuja jioni kukaa. Kuna matanga Jumamosi. Kuna mtu anakwenda kuposa, na ukienda kuposa bila mnazi umekwenda kutembea tu. «Wageni wako wakinywa, nimwambie nani kuwa leo hakuna?»

Wote tunajua methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilifundishwa shuleni kwamba inamhusu mtu anayevimba kichwa akaharibu kazi. Nikiwa nimekaa pale kwenye kigoda niliisikia kwa upande mwingine. Minazi ni ile ile, na ua linadondoka kwa kasi ile ile. Sifa zikivuta wanywaji wengi kuliko miti, hayo maji yatatoka wapi kama si mtungini? Mgema analaumiwa, ila anayesifu ameshaondoka na treni ya jioni.

Baadaye, nyumbani, nilisoma kitabu cha David Parkin, *Palms, Wine, and Witnesses*, cha mwaka 1972, kinachowahusu Wagiriama wa Kaloleni hiyo hiyo. Anaeleza jinsi minazi ilivyouzwa na kuwekwa rehani mbele ya mashahidi, na jinsi vijana waliokuwa wakikusanya miti mingi walivyolazimika kukaa vizuri na wazee, kwa sababu ugomvi ukizuka miaka mingi baadaye, neno la mzee aliyekuwepo ndilo lililoamua mti ni wa nani. Hilo lilinikaa kichwani. Kujua habari hakukufanyi shahidi. Shahidi alikuwepo, nyumba yake inajulikana, na akisema uongo atakutana macho kwa macho na aliyemdhulumu kwenye matanga yanayofuata. Mimi nilikuwa na kila tarehe ya Cape Town na sikuwa shahidi wa jiwe lake hata moja. Hakuna mtu wa Stellenbosch atakayewahi kunikuta kwenye matanga. Nadhani hapo ndipo kosa la kazi yangu lilipo, hata pale ambapo kila sentensi ni sahihi: nasema bila kuweza kuulizwa.

Lakini narudi Kaloleni, kwa sababu sijamaliza na siku ile. Baada ya maneno ya mzee niliamua pale pale kwamba sitaiandika siku ya tatu. Nilijiona muungwana kweli kweli. Nikamwambia hivyo mkazamwana wake, mama wa makamo anayeuza pale mangweni, nikitegemea shukrani. Akaniangalia kama mtu aliyemwagia mchanga kwenye uji.

«Wewe wala pesa za nani?»

Za wageni, mama.

«Na mimi wataka nile za nani? Wapo waja hapa, wanywa, waondoka bila kulipa, na siwezi kuwauliza. Wageni watalipa.»

Mzee amesema lina wenyewe.

«Baba asema ya minazi yake. Mimi nina karo ya watoto watatu.» Akaongeza kwamba mnazi si haramu, na ni kweli, sheria ya mwaka 2010 iliruhusu pombe za kienyeji kwa masharti ya leseni. «Aibu yako hiyo usinivishe mimi.»

Sina jibu la hilo mpaka leo. Nilikuwa nimekwenda pale kwa kuona haya ya kusema kwa niaba ya watu nisiowajua, na dawa niliyoipata ikawa kunyamaza kwa niaba yao. Yote mawili nimeyaamua mimi. Kampuni zinapenda neno «johari iliyofichika», na kila nikiliandika sasa najiuliza, imefichwa na nani? Kaloleni haijajificha. Ina barabara, ina shule, ina soko, na wenyewe wanaijua vizuri sana. Kuifichua ni majivuno, na nikijipa kazi ya kuificha, majivuno ni yale yale ila nimeyavalisha kanzu.

Tukakaa watatu, mzee, mama na mimi, tukapatana. Wageni wasizidi wanne. Waje Alhamisi tu, wafike kabla ya saa nne wakati tembo bado ni tamu. Walipe kwa mama. Wasimpige picha mzee akiwa juu. Nikawaambia wa kwanza wangeanza Alhamisi ya kwanza ya mwezi unaofuata, kwa sababu ndivyo mteja alivyokuwa ameniambia. Mzee akanimiminia kikombe kingine. Mimi si mnywaji mkubwa, lakini kile kikombe nilielewa kuwa ni cha shahidi.

Niliandika siku ya tatu kuliko nilivyowahi kuandika siku yoyote, masharti yote ndani. Mteja akajibu kesho yake kwamba ni nzuri sana, ila masharti ni mengi na bima haitakubali. Akaiondoa. Badala yake akaweka chakula cha mchana kwenye hoteli ya ufukweni, pamoja na glasi ya mvinyo wa Afrika Kusini. Alinilipa zote, na kwa wakati.

Sikuwapigia Kaloleni. Nilijiambia nitapiga nikipata maneno mazuri. Halafu likaja agizo la Zanzibar, halafu lingine la Lisbon, na kodi ya keja haingoji maneno mazuri.

Alhamisi iliyopita nilikuwa Toi nikingoja chapati, simu ikaita.

«Mwanangu, wale wageni wako. Baba amewawekea tangu asubuhi. Waja ama hawaji?»

Nilitazama saa. Ilikuwa saa tano kasorobo.