Mawe na Nyumba za Avebury

Msomaji, ukijaliwa kufika Wiltshire, kusini mwa Uingereza, usiishie Stonehenge; endelea mpaka Avebury. Huko utaona duara la mawe makubwa yaliyosimamishwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, limezungukwa na handaki pana. Na ndani ya duara mna sehemu ya kijiji, chenye barabara na watu.

Tazama vema kuta za nyumba. Baadhi yake zimejengwa kwa mawe yale yale. Katika karne ya 17 na ya 18 wanakijiji waliyaangusha, wakayakokea moto, wakayamwagia maji baridi, kisha wakayapiga nyundo yakapasuka. William Stukeley, aliyeyachora mawe hayo katika miaka ya 1720, aliwalaumu sana. Mimi nawalaumu kidogo tu: mwenye watoto huhitaji ukuta.

Katika miaka ya 1930 alikuja Alexander Keiller, mrithi wa utajiri wa jamu ya machungwa. Alinunua ardhi, akafukua mawe yaliyozikwa, akayasimamisha tena. Kazi njema, na kila mgeni hufaidi. Lakini nyumba kadhaa za ndani ya duara zilibomolewa ili mawe yaonekane, na wakaaji wake wakahama.

Je, ilikuwa haki? Waliosimamisha mawe hawakuacha hata neno moja la kutuambia walitaka nini; wenye nyumba walikuwa hai, na waliweza kuulizwa. Mahali pa nyumba hizo sasa pana majani mazuri, na wageni hupiga picha juu yake.