Kigae na Ushanga

Kitu kizuri hupendwa na wote, lakini chombo kilichokitengeneza husahauliwa upesi. Ushanga huvaliwa shingoni. Kigae kilichousugua hutupwa jaani. Swali linalostahili kufikiriwa na kila kijana ni hili: je, faida ya kazi imo katika kitu kilichofanywa peke yake, au imo pia katika mkono uliokifanya?

Wakazi wa kale wa pwani yetu walifanya shanga kwa makombe ya bahari. Kombe lilivunjwa vipande vidogo. Kipande kilitobolewa, kisha kikasuguliwa juu ya kigae cha chungu au jiwe mpaka pembe zake zikaisha. Kwa kusugua sana, kigae nacho kililika kikafanya mifuo. Huko Tumbe, katika kisiwa cha Pemba, penye mabaki ya makazi ya karne ya 7 hadi ya 10, wachimbuzi wa mambo ya kale wameokota vigae vya namna hiyo kwa wingi. Chungu kilichovunjika, kisichofaa tena kupikia, kilipata kazi ya pili.

Mawe ya thamani nayo yana desturi hiyo hiyo. Huko Kuranze, upande wa bara wa Kwale, huchimbwa kito cha kijani cha jamii ya garneti. Kito hicho hakipati umbo lake mpaka kikatwe na kusuguliwa kwa unga wa almasi, ambayo ni ngumu kuliko chenyewe. Na unga huo nao hupungua kazini. Anayesugua na kinachosuguliwa huliwa pamoja.

Siku hizi kijana wa Msambweni aweza kucheza mchezo wa ufundi katika simu yake. Hununua chombo, hugusa kioo mara moja, na kito hung'aa. Mtu aweza kuuliza: "Ikiwa mng'aro hupatikana bila jasho, jasho lasifiwa kwa nini?" Neno hili lina haki yake. Taabu si wema kwa kuwa ni taabu. Mchezo ni burudani, na mama wa Diani anunuaye shanga za kioo zilizo tayari, ili autumie wakati wake kuzitunga, hana lawama.

Lakini mchezo huo hutoa kitu kimoja, na kazi hutoa viwili: ushanga, na ustadi wa mkono. Cha kwanza chaweza kununuliwa, kuazimwa, hata kuibwa. Cha pili hakina soko. Mwanafunzi anakilipo majibu ya mwenzake hupata ushanga unaong'aa kama wa mwenziwe, lakini kigae chake hakina mfuo hata mmoja. Siku atakapopewa kombe jipya, peke yake, mng'aro wa jana hautamsaidia. Wahenga walinena kuwa achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Hawakulitaja shamba, waliutaja mkono uliochanika.

Msasa ni mti ambao majani yake makavu, yenye kukwaruza, yalitumiwa na mafundi kulainisha mbao. Leo twasema pia kuwa mtu amepigwa msasa, maana yake ameadilishwa akafaa. Lugha yetu yakiri kwamba hakuna alainikaye bila kukwaruzwa. Basi, kijana, usahihisho wa mwalimu ukikuuma, usiukimbie. Na ukiona ushanga mzuri, ukumbuke na kigae.